Hakika ya Msemaji

Ulizeni mtu yeyote wa Murara, hapa Goma, atawaambia kwamba Nsengimana ana ulimi. Sikatai! Siku za kazi nauza viazi na kabichi za Kibumba, na Jumamosi watu wananiazima mdomo niende kuwaposea. Nimesimama msemaji katika posa thelathini na moja, na hakuna hata moja niliyorudi bila msichana. Hiyo ya thelathini na mbili ndiyo nataka kuwasimulia, maana mpaka leo nikiikumbuka moyo unanienda mbio.

Ilikuwa posa ya damu yangu. Tuyisenge, mtoto wa marehemu mdogo wangu Théogène, alikuja kuniambia kwamba anamtaka Dorine wa Katindo. Niliruka juu hata nikamwaga chai! Kijana mwenyewe mpole, anaimba katika kwaya yetu ya Kibaptisti, na tangu baba yake afe mimi ndiye baba yake. Kitu kimoja tu kilinikuna: Dorine ni Mkatoliki, wa ukoo uliotoka upande wa Bukavu, Wakatoliki wa kurithishana rozari. Nikajiambia, kwa ulimi huu? Watakubali tu.

Asiyeijua desturi yetu aelewe hivi. Siku ya posa, msemaji wa wenyeji kazi yake ni kutuzuia. Atasema hatujui sisi wageni, atasema msichana yuko Ulaya, atasema ng'ombe wetu wamekonda. Msemaji wa wageni anaondoa vizuizi kimoja kimoja kwa maneno matamu, watu wanacheka, na mwishoni bibi harusi anatolewa. Ni mchezo, lakini mchezo wenye meno, kwa sababu ukishindwa unarudi na aibu yako. Na bwana harusi hafungui kinywa hata nzi akimtua puani.

Basi Jumamosi hiyo tulifika Katindo saa nne, watu arobaini, kina mama zetu wakiwa wamejifunga mishanana, zile nguo za sherehe, mabegani na kreti za Fanta mbele. Uwanja ulikuwa umefunikwa turubai, viti vimepangwa juu ya mawe meusi ya volkano, na ngoma ikilia. Msemaji wao, karani mstaafu aitwaye Baharanyi, alishika mikrofoni na kututazama kama wadai.

"Hatubajue," akasema. "Mulipotea njia? Murara iko kule."

"Papa Baharanyi, hatukupotea," nikajibu. "Kwetu Kibumba ngombe ikitoroka, tunafwata nyayo. Moyo ya mutoto wetu ilitoroka, na nyayo zimeishia hapa ku mulango yenu."

Makofi! Vigelegele! Akaniletea kizuizi cha pili, nikakiruka. Cha tatu, nikakigeuza kikawa wimbo. Nilikuwa nimepamba moto, jasho likinitiririka, nikaona hata wenyeji wanaanza kunishangilia mimi badala ya mtu wao. Mwamba ngoma huvutia kwake, nami siku ile nilivuta mpaka ngozi ikakaribia kupasuka.

Ndipo Baharanyi akageukia viti vya mbele. "Kunabakia kizuizi moja," akasema. "Haiko yangu. Ni ya Koko Léonie."

Koko Léonie ni bibi yake Dorine, mama mzaa baba. Alikuwa ameketi mstari wa mbele, mwembamba, rozari imezungushwa kwenye kifundo cha mkono. Umri wake unapita themanini. Alipewa mikrofoni, akaisukuma kando, akasema kwa sauti yake mwenyewe.

"Nilizaa batoto saba, nikazika tano. Na baba yabo, Cirimwami, nilimuzika. Kila lundi ya kwanza ya mwezi ninapeleka majina yabo ku parokia, padri anayasoma mu misa, tunabaombea. Dorine njo ananisindikizaka, tangu alikuwa mudogo. Nikikufa, yeye njo atapeleka jina yangu. Sasa munamupeleka kwa Baprotestanti, kwenye hamuombeake batu benye balikufa. Jina yangu itapelekwa na nani?"

Jamani, nilifurahi! Nilidhani ni kizuizi kilichotungwa, tena kitamu kuliko vyote nilivyowahi kuwekewa. Nikasogea katikati ya uwanja, nikapandisha mabega.

"Koko! Bateau ya ku ziwa ikisha kufika Bukavu, kuko mutu mwenye anabakia hapa ku port ya Goma akiisukuma?"

Uwanja ulilipuka. Baba yake Dorine mwenyewe alijiinamia kwa kicheko. Nami, kwa kuwa mtu akishangiliwa hajui kunyamaza, nikaendelea.

"Kwetu mutu akiamini Yesu, mambo imeisha! Hakuna toharani, hakuna kusafishwa mara ya pili. Mi Nsengimana, nikikufa sasa hivi, mbele nikule chakula yenu, ninajua kwenye niko naenda. Niko na hakika!"

"Amina!" mama zetu wakapaza. "Haleluya!" Ngoma ikadunda mara tatu. Nilijiona nimeshamfikisha Dorine nyumbani.

Baharanyi akanisogelea, akaninong'oneza. "Muzee, ile haikukuwa mu programu. Koko haiko nacheza."

Nikamtazama bibi. Hakuwa amecheka. Na Dorine, ambaye kwa desturi alipaswa kuwa amefichwa ndani, alikuwa amesimama mlangoni akimwangalia yeye tu, si sisi.

"Mi sijafika Bukavu, mutoto yangu," Koko akasema. "Bateau yangu iko bado ku maji. Ninaogopa."

Kicheko kilikatika. Mzee wa miaka themanini kusema anaogopa mbele ya koo mbili si jambo la kusikia kila siku. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

"Weye uko na hakika," akaendelea, wala hakuwa na hasira. "Ni muzuri, hata ninasikia wivu. Basi uniambie. Kwenu, mutu mwenye alikufa bila hakika, munamufanyiaka nini?"

Swali halikuwa mtego. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Lakini lilinipata penye kidonda, na hapa lazima niwaambie habari za mdogo wangu.

Théogène alikuwa mlevi. Mchangamfu, mkarimu, na mlevi. Kanisa lilimwonya mara mbili, na mara ya tatu wazee tuliketi kupiga kura ya kumtenga na meza ya Bwana. Mimi ni mmoja wa wazee. Macho yote yalinigeukia waone kama nitampendelea ndugu yangu, nami, kwa kiburi changu, niliinua mkono kabla ya wengine wote. Miezi minne baadaye alianguka na pikipiki kwenye barabara ya Kibumba, akitoka kunywa. Mchungaji alihubiri kaburini habari za sisi tuliobaki hai. Hakumtaja. Tangu siku ile, miaka sita, sikulisikia jina lake kanisani, na nyumbani kwangu mimi mwenyewe sikulitamka katika sala, maana nitasema nini? Aliye na hakika, tunaimba. Asiye nayo, tunafunga mdomo.

"Tunamuachia Mungu," nikajibu.

"Munamuachia, kisha munanyamaza?"

"Tunanyamaza, Koko."

Hapo likatokea jambo ambalo katika posa thelathini na moja sijaliona. Bwana harusi alisimama! Shangazi zake wakamvuta koti, akajitoa mikononi mwao.

"Papa mukubwa, munisamehe," Tuyisenge akasema. "Mi njo nilimupelekea Koko jina ya papa. Iko mwaka ya tatu sasa."

Hasira ilinipanda mpaka utosini, siwafichi. Mtoto wa kwaya! Mtoto niliyemfundisha Maandiko mwenyewe! Nilikuwa nimejigamba mbele ya umati kwamba nyumbani kwetu hatuombei wafu, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Nilifungua mdomo nimchane. Lakini Koko alikuwa ameanza kuhesabu kwa vidole vyake, taratibu, macho amefumba.

"Cirimwami. Nshobole. Masika. Batoto bangu bengine batatu. Kisha Théogène wa Kibumba. Yeye ninamutiaka mwisho, juu ni mugeni kwetu. Lakini hata siku moja sijamusahau."

Ulimi wangu, huu mnaousikia, ulikauka. Nililia. Nililia mbele ya watu arobaini wangu na sitini wao, na mikrofoni ikalitoa lile kamasi langu kwenye spika zote mbili. Mwanamke nisiyemjua, wa kanisa nisilolikubali, alikuwa akimtaja ndugu yangu kila mwezi, na mimi niliyezaliwa naye nilikuwa nimemnyima hata jina.

"Musemaji," Baharanyi akasema kwa upole, "tunangojea jibu."

Nikajifuta kwa mkono wa koti.

"Koko, sitakudanganya. Kile ninaamini, ninaamini, na siku ya yenga, ku kanisa yetu, nitakifundisha tena. Lakini Dorine hakuna mutu atamukataza. Atapeleka jina yako. Na siku atakuwa mugonjwa, ao iko na mutoto mudogo, mi mwenyewe nitaipeleka, na miguu yangu."

Wazee wenzangu wa kanisa walikohoa kwa pamoja. Waache wakohoe.

Koko aliisogeza rozari kifundoni. "Muzuri," akasema. "Na weye utakuya hapa kunielezea ile hakika yako. Polepole, bila micro. Sitaki kuenda na hii woga."

"Nitakuya."

"Basi mutoto ni wenu."

Loo! Ngoma ilipigwa mpaka nikadhani majirani wa kambi ya jeshi watakuja kuuliza kuna nini. Kina mama walichanganyika, mishanana na vitenge, hujui nani wa Papa na nani wa Biblia. Dorine alipita katikati akicheza, akampita Tuyisenge, akaenda kwanza kupiga magoti kwa bibi yake. Nilicheza hata kiatu kikanivuka, na Baharanyi akanirudishia kiatu akisema posa nimeshinda ila mjadala nimeshindwa.

Nimekwenda kwa Koko mara tano tangu siku hiyo. Ninamsomea Warumi, ananikatiza, tunabishana mpaka chai inapoa. Ananiuliza, kama nina hakika kiasi hicho, mbona nilimwogopa mchungaji hata nisimtaje ndugu yangu? Nimemwambia naendelea kutafuta jibu. Lakini juzi aliniambia amelala usiku kucha bila kuamka kwa woga, na mimi nilirudi Murara nikiimba barabarani.

Na Jumatatu ya kwanza ya mwezi, ile lundi ya Koko, saa kumi na mbili asubuhi, niliingia parokiani kwao. Nilimwambia Koko nimekuja kusikiliza tu, si kuomba. Akasema benchi ni la wote. Tuliketi nyuma, yeye, Dorine na mimi, kofia yangu magotini, na nikaomba Mungu asiwepo mtu wa Kibumba humo ndani.

Padri akaanza kusoma majina. Yalikuwa mengi. Cirimwami. Nshobole. Masika. Nikashika benchi la mbele. Ndipo akasoma, waziwazi, mbele ya kanisa zima: "Théogène wa Kibumba."

"Amina!" Ilinitoka peke yake, kubwa, ya Kibaptisti kabisa. Vichwa vikageuka.

"Polepole, muzee," Koko akaninong'oneza. "Mungu haiko kiziwi."

Kisha watu wote wakainuka. Magoti ya Koko yalikataa, akapapasa pembeni akaushika mkono wangu wa kuume, ule ule niliouinua siku ile ya kura. Nikamwinua naye akasimama.