Nani Atamshika Mercy Mkono

Nililipenda sana fundisho la uteule mpaka siku Mercy aliporudi. Kwamba Mungu aliwachagua watu wake kabla hajaumba hata hii milima ya Mbeya, mimi lilinikaa vizuri moyoni. Mercy, aliyeishi na mume wangu miaka miwili kule Uyole, hayumo, mimi nimo. Nikalala usingizi.

Sasa eti katubu. Kaomba kurudi kundini kabla ya Pasaka. Na usharika wetu una desturi yake: anayerudi haendi mezani pa Bwana peke yake, anashikwa mkono na mtu aliyekosewa naye. Asiposhikwa, anabaki benchi la nyuma mpaka Pasaka nyingine.

Mwinjilisti Yotamu akanifuata shambani, napalilia viazi.

"Mama Ande, Jumapili utamshika?"

"Mwinjilisti, si wewe uliyetufundisha kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya wateule?"

"Ni mimi."

"Basi yule hayumo."

"Nani kakwambia?"

"Maisha yake! Si tumeyaona wote?"

Akacheka, mtu yule. "Na wewe, mama, wakati unateuliwa ulikuwa umefanya nini? Si ulikuwa hata hujazaliwa?"

Nililima kwa hasira mpaka nikakata viazi vyenyewe.

Wivu ulinichoma, na haukuwa wa mume wangu Isaka peke yake. Mimi nimeimba kwaya tangu kipaimara. Nimefagia kanisa, nimewapikia wageni wote wa jimbo. Yeye kaila dunia, kalia kidogo, mbingu hiyo inafunguka! Kama wokovu ni kuchagua, mimi nilichagua mapema. Kama ni kuchaguliwa, huyo aliyetuchagua mbona hakuona tofauti yetu?

Jumapili Mercy akasimama mbele, kajifunga kitenge kilichopauka. Bado mzuri, nilimwangalia sana nikitafuta kasoro. Mchungaji akauliza, "Yuko wapi wa kumshika mkono dada yetu?"

Nikafungua kitabu cha nyimbo, nikajifanya nasoma. Hiari ni yangu, hakuna wa kunilazimisha. Mercy akainamisha kichwa, akaanza kugeuka arudi nyuma.

Ndipo upande wa wanaume mtu akasimama. Isaka! Mume wangu, mbele ya watu wote.

"Nitamshika mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyemponza."

Akaanza kwenda.

Sijui nilifikaje kule mbele. Nilikanyaga miguu ya watu, nikamwahi Isaka katikati ya kanisa, nikaudaka mkono wa Mercy kama ninayenyang'anya. Vigelegele vikapigwa. Mchungaji akatoa leso, akajifuta macho. "Mnaona? Roho amemgusa mama yetu."

Roho gani! Ulikuwa wivu mtupu. Isaka aushike tena mkono ule, tena kanisani, mimi nikiwa hai?

Tukaenda mezani. Kiganja chake kilikuwa cha baridi. Tulipokaribia, Mercy akanong'ona bila kunitazama:

"Dada, najua umekuja kwa sababu yake. Lakini naomba usiniachie."

Nilitaka kumwachia, kweli nilitaka. Nikageuza shingo: Isaka bado amesimama palepale, anatutazama. Nikaubana mkono zaidi, tukapiga magoti.