Kioo Juu ya Ufa

Nyuma ya mlango wa chumba ninachoandikia, chini, usawa wa goti, kuna alama ya kidole gumba. Mume wangu aliiacha hapo rangi ikiwa mbichi. Alikuwa fundi rangi, na kila chumba alichokimaliza alibonyeza kidole mahali ambapo mwenye nyumba hawezi kupaona asipopatafuta. Tulipokuwa wachumba nilimcheka.

"Unaweka muhuri kama bwana mkubwa?"

"Naweka ili kesho mtu akisema kazi ni mbovu, nisiweze kuikana."

Sasa hayupo. Kifua kilimchukua. Watu waliokuja kunipa pole walisema mengi mazuri juu yake, lakini hili la nyumba hakuna aliyelijua, kwa hiyo naliandika mimi lisije likapotea.

Wakati huo tulikuwa tumepanga chumba kimoja. Katikati tulitundika pazia: upande huu mimi na yeye, upande ule mama yake na binti yetu, ambaye sote tulimwita Kidege kwa jinsi alivyokuwa mwembamba na mwenye kelele. Mama mkwe wangu alimtania mjukuu wake kwa kumwita 'mke mwenzangu'. "Mke mwenzangu, sogea huko, umenimalizia kitanda!" Tulicheka sana katika chumba kile. Kisha mwenye nyumba akaja, akasimama mlangoni, akakataa kiti. Jengo limepata mnunuzi, akasema. Mwisho wa mwezi kila mpangaji awe ametoka.

Nilikuwa na mimba ya pili, imeanza kuonekana. Kodi za kwingine zilikuwa zimepanda kuliko mshahara wa mtu, na akiba yetu, iliyotokana na rangi zake na nguo za watu nilizofua na kupiga pasi, ilitosha kuwachekesha madalali tu. Mmoja alituambia, "Kwa hela hiyo nitawauzia mlango. Nyumba mtatafuta wenyewe." Tulicheka naye, lakini njiani kurudi tulizihesabu tena.

Ndipo tukampata dalali mwingine. Tulimpa jina la Keshokutwa, maana kwake kila jambo lilikuwa keshokutwa. Siku hiyo alikuja mwenyewe, tena mapema.

"Shemeji, chukua mama, chukua mtoto, twendeni. Mwenye nyumba anasafiri, anataka kuuza haraka. Nikiwaacha ninyi nitapata dhambi."

Ilikuwa nyumba kweli. Sebule ndogo, vyumba viwili, jiko, choo cha ndani. Nyuma yake ulipita mtaro mpana wa maji ya mvua, mkavu, umejaa mifuko na majani. Bei ilikuwa ile ile tuliyokuwa nayo, kana kwamba mtu alichungulia kibubu chetu. Mama mkwe wangu alipita moja kwa moja hadi chumba cha nyuma akasimama katikati, mikono kiunoni.

"Hiki changu. Kitanda hapa, kichwa huku ukutani. Mke mwenzangu, unaonaje?"

Kidege akajilaza sakafuni, kichwa kikigusa ukuta, apime.

"Toka hapo!"

Sote tulishtuka. Mume wangu hakuwa mtu wa kupaza sauti. Kidege aliinuka, akakimbilia kwa bibi yake.

"Mwache, Fundi," Keshokutwa akasema akicheka. "Ukuta haung'ati."

Tulipokuwa tukirudi, bibi na mjukuu wake wakiwa mbele wanagombania nani atalala upande wa dirisha, mume wangu alinishika kiwiko.

"Ule ukuta niliupaka mimi."

Nilidhani anatania. "Mbona sikuona kidole? Nimechungulia nyuma ya mlango, mazoea tu."

"Ile kazi sikuweka kidole."

Akanieleza akitazama chini. Ukuta ulikuwa na ufa kutoka dirishani hadi sakafuni, vidole vyake vilizama ndani. Keshokutwa alimwambia azibe, apake rangi, anyamaze, na akamlipa pale pale. Kidege alikuwa hospitali siku zile, na dawa zilitaka hela.

"Na siku zote hizi hakukutambua?"

"Nilijifunga kitambaa usoni. Mafundi wenye vumbi sote tunafanana."

"Basi hatuichukui."

"Sawa. Tutaenda wapi?"

Mtoto alicheza tumboni wakati ule ule.

"Ufa mwingine huwa umekufa," akasema mume wangu. "Nyumba ilikaa, ikapasuka, ikatulia. Mwingine uko hai. Kuna namna ya kuujua, lakini lazima mvua inyeshe."

Alimwomba Keshokutwa ufunguo kwa kisingizio cha kupima madirisha. Tukaenda wawili. Alikwangua rangi kidogo, upana wa kiganja, na ufa ukaonekana chini yake, umejaa ule uji mgumu wa kuzibia nyufa alioujaza mwenyewe. Nilimshikia kipande chembamba cha kioo. Akakilaza juu ya ufa, upande mmoja huku, mwingine kule, akakigandisha kwa saruji kila ncha.

"Kioo hakijui kunyumbuka," akasema. "Ukuta ukisogea upana wa unywele, kitapasuka. Kikibaki kizima baada ya mvua kubwa, tunahamia."

Kisha, nilimwona, akabonyeza kidole gumba kwenye saruji ya upande wa kushoto. Sijui kwa nini, moyo wangu ulitulia.

Mama tulimweleza habari ya kioo, na Keshokutwa alipokiona alicheka tu. Tukaanza kungoja mvua. Mimi ambaye maisha yangu yote niliiombea iende kwingine siku za kufua, sasa nilikuwa nikitoka nje kutazama mawingu. Anga kavu. Majirani walikuwa wameshaanza kuhama, mmoja baada ya mwingine, na jengo likawa na mwangwi. Keshokutwa alipita kila siku. "Shemeji, kuna watu wameipenda. Mimi nawazuia kwa mdomo huu huu, na mdomo unachoka."

Mvua ilikuja alasiri, bila upepo, nzito, ikakaa. Giza lilipoingia ilikuwa haijapungua. Nililala macho wazi. Kila maji yalipobadilisha sauti juu ya bati nilikiona kile kioo peke yake katika nyumba tupu, na mtaro ukijaa nyuma yake. Nilijaribu kuomba, nikakwama, maana sikujua niombe nini. Kivunjike, tulale nje. Kisivunjike, twende tukalaze watoto pale.

Upande wa pili wa pazia mama mkwe wangu naye hakulala. Alikuwa ameshafunga vyombo vyake kwenye gunia.

"Mnanisikia?" akasema. "Mimi nimezeekea kwenye vyumba vya watu. Jeneza la baba yenu lilitolewa kwenye mlango wa kupanga, mwenye nyumba akisimama kuangalia tusigonge fremu. Mimi nataka mlango wetu. Ni hilo tu. Laleni."

Mume wangu aligeukia ukutani. Nilimgusa bega, likawa gumu kama ubao.

Kulipokucha hakuwepo. Chai yake ilipoa. Mama akasema, "Ametangulia kufungua madirisha, mwanangu huyo hana subira." Keshokutwa akatufuata njiani, makaratasi kwapani, suruali ameikunja. Mtaro ulikuwa umejaa hadi ukingoni, maji ya rangi ya chai yakiburuta matawi.

Mume wangu alikuwa chumba cha nyuma, kando ya ukuta, suruali imelowa hadi magotini. Mkono wa kulia ulikuwa mfukoni.

"Kizima," akasema. "Kioo kizima."

Mama mkwe wangu alipiga kigelegele kimoja, kirefu. Kidege akaanza kuruka. Keshokutwa akatandaza makaratasi kwenye dirisha. "Si niliwaambia? Hii si nyumba, ni jiwe! Kalamu hii hapa, Fundi."

Niliinama nitazame. Kioo kilikuwa kizima. Kilikuwa safi, bila hata chembe ya lile vumbi la kukwangua juu yake. Saruji ilikuwa nyeusi kwa unyevu, na ile ya upande wa kushoto ilikuwa laini, imesawazishwa vizuri sana. Haikuwa na kidole.

Niliganda nikiwa nimeinama vile vile. Nilikuwa nimeuogopa ukuta, nimeiogopa mvua, nimemwogopa mwenye nyumba na mwisho wa mwezi wake. Sasa nilimwogopa mume wangu. Nyuma yangu nilisikia kifuniko cha kalamu kikifunguliwa. Mama alikuwa akipima kwa hatua mahali pa kitanda.

Ningeweza kupiga kelele. Sikupiga. Niliyakumbuka maneno ya usiku, nikalikumbuka lile bega.

"Baba Kidege," nikasema, "umesahau kidole."

Mkono wake ulizama zaidi mfukoni.

"Kidole gani tena?" akauliza Keshokutwa. "Sahihi inatosha."

"Saruji bado mbichi," nikasema. "Weka tu."

Aliutoa mkono mfukoni. Kidole gumba kilikuwa kimefungwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa na damu. Akakifungua polepole. Akakisogeza kidole hadi karibu kabisa na saruji, na pale kikasimama. Nilimwona akisukuma, kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa kwa ndani.

"Baba, weka basi," akasema Kidege. "Nataka kulala hapa."

Mkono ukashuka.

"Mama," akasema bila kumtazama, "nisamehe. Nimekikuta kimepasuka. Vipande viwili. Nimekibadilisha."

Mama mkwe wangu alisimama na mguu mmoja mbele, hatua haijaisha. Kisha akamvuta Kidege akamweka nyuma ya kanga yake, mbali na ukuta.

"Fundi, usitie watu hofu," Keshokutwa akasema, sauti imebadilika. "Nyumba zote zina nyufa. Hata wewe usoni una makunyanzi, mbona hujaanguka?"

Mume wangu alichukua kisu chake cha kukwangulia rangi. Alianzia dirishani. Rangi ilitoka kwa mapande, na ule uji mgumu ukatoka nao.

"We! Unafanya nini? Unaniharibia nyumba!"

"Sikuharibii. Natoa rangi yangu tu. Hii kazi ni yangu, ulinilipa mwenyewe. Hunikumbuki?"

Keshokutwa alimtazama, mdomo wazi. Hakumsogelea, kisu kilikuwa kinafanya kazi. Mume wangu akashuka nacho hadi sakafuni, na ufa ukabaki wazi wote, mweusi, mpana kuliko alivyonieleza. Harufu ya mtaro ilitoka ndani yake. Ukikaribia ulisikia maji.

"Tutoke," mama akasema. "Mke mwenzangu, nipe mkono."

Mwisho wa mwezi ulitukuta kwenye stoo ya duka, nyuma ya magunia, na mwanangu alizaliwa humo. Sitasema ilikuwa rahisi. Kuna siku nilimlaumu kimoyomoyo kwa ile saruji laini, na siku nyingine nilijilaumu mimi kwa kuiona. Ile nyumba haikupata mnunuzi, kila aliyeingia aliuona ufa. Mvua za mwaka uliofuata chumba cha nyuma kiliingia mtaroni. Nilikwenda kutazama. Dirisha lilikuwa limelala kifudifudi ndani ya maji, mahali pa kitanda.

Hii tunayokaa tuliipata baadaye sana, chumba na nusu, upande mmoja hauna dari hadi leo. Kabla ya kuhamia aliweka kioo kila palipokuwa na mstari ukutani, na kila kioo akakiwekea kidole. Mama alitolewa kwenye mlango wetu, kama alivyotaka. Mume wangu naye pia.

Mvua ikianza bado naamka. Napita na taa, natazama vioo kimoja kimoja, natazama watoto. Mwisho nakuja hapa nyuma ya mlango, nachuchumaa, naweka kidole changu ndani ya alama yake. Changu ni chembamba, kinabaki na nafasi pembeni.