Gari Halina Kosa

Fundi cherehani hakuwa na gereji, wala jeki ya kuaminika, wala leseni ya udereva. Gari la nyumbani hakuwahi kulisogeza hata mpaka getini. Hakuwa na kijana wa kumshikia tochi, kwa kuwa mtoto wao alikuwa mmoja tu, binti, naye aliolewa mbali. Hakuwa na magoti ya kupiga chini kwa muda mrefu. Na hakuwa na moyo wa kumwambia mkewe "sijui", neno ambalo hakulitamka hata siku aliyoletewa suti ya bwana harusi iliyotafunwa na panya.

Alichokuwa nacho ni miwani, na kitabu kilichokuja na gari. Kwa hiyo mkewe alipoingia uani na kusema kwamba taa nyekundu ya breki inawaka akiwa barabarani, fundi aliacha cherehani yake, akatoka na kitabu kwapani.

"Profesa huyo," mkewe alisema. "Soma vizuri, usije ukanigeuzia gari chuma chakavu."

Mkewe alikuwa mkunga. Hospitali alishastaafu, lakini mtaani hakustaafu. Kila asubuhi aliwasha gari akaenda kuwatazama waliojifungua, akarudi na habari za vitovu na maziwa. Na sasa alikuwa na safari kubwa kuliko zote. Binti yao alikuwa na mimba ya kwanza, na alikataa kujiandikisha kwenye zahanati ya huko aliko. Alisema hawezi kushikwa na mikono ya mtu mwingine wakati mama yake yu hai. Mkunga alijifanya kukasirika, kisha akafungasha begi na kuliweka kwenye buti ya gari.

"Ni gari tu linalonichelewesha," alimwambia mumewe. "Nitafutie ubovu wake niondoke."

Fundi alifungua boneti. Mafuta ya breki yalikuwa pale kitabu kilipotaka yawe, kati ya mistari miwili ya kichupa. Akaufuata waya unaotoka kwenye kifuniko, akaupapasa taratibu kama apapasavyo mshono, akitafuta palipokatika. Hapakukatika. Akamulika kwa tochi katikati ya matundu ya rimu: breki pedi zilikuwa nene. Akatandika magazeti kando ya kila tairi, na kesho yake akayaokota makavu, bila tone la mafuta. Mwisho akaketi kwenye kiti cha dereva, akawasha gari, akabonyeza kitufe cha handibreki na kuishusha. Taa ikazimika. Akaipandisha, taa ikawaka. Akaishusha tena, ikazimika.

"Halina kitu," alisema.

"Njiani inawaka. Na gari linakuwa zito, linanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo."

"Mbona nikikaa mimi haiwaki?"

"Labda linakuonea haya. Tafuta vizuri, baba."

Ndipo akaitwa jirani, fundi wa magari ambaye mtaa mzima ulimwita Nusu Bei. Alilizungusha gari mtaani, akarudi akipiga mluzi.

"Mzee wangu, hili gari lina afya kunishinda mimi," alisema. "Mama, umelifanya nini mpaka likakuchukia?"

"Wewe nyamaza. Ulitaka kuzaliwa ukitanguliza miguu, nikakugeuza. Tangu siku hiyo hujui mbele wala nyuma."

Nusu Bei alicheka mpaka akashika boneti. Mkunga naye alicheka, lakini kicheko chake kilikatika mapema, na fundi akaona kwamba anamtazama jirani kwa jicho la kuomba.

"Hata waya mmoja?" mkunga aliuliza. "Hata kitu kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

Asubuhi iliyofuata fundi aliacha suruali ya watu mezani, akaenda kukaa kando ya mkewe garini. Mkunga alimtazama. Aliwasha gari, kisha akashika handibreki. Kidole gumba kilikwenda juu ya kitufe, kikatetemeka, kikakibonyeza nusu. Mkono wa handibreki ulishuka, ukanasa kwenye jino la mwisho. Yeye akauachia kama mtu aliyemaliza kazi, akaingiza gia, na gari likatoka getini kwa shida, taa nyekundu ikiwaka mbele yao.

Kitabu kilikuwa kimesema hivyo kwenye mstari wa kwanza kabisa: hakikisha handibreki imeshushwa mpaka mwisho. Fundi aliuruka mstari ule. Aliona ni kumtukana mwanamke aliyeendesha gari tangu ujana wake.

Hapo mengine yakamjia. Chupa ya mafuta ya kupikia ambayo siku hizi hufungua yeye. Vifungo vya nyuma vya gauni. Kikombe kilichovunjika, akaambiwa ni paka, na paka hawana.

Alinyoosha mkono, akabonyeza kitufe, akashusha. Taa ikazimika, na gari likawa jepesi. Walikwenda hivyo mpaka kwenye mzunguko wa barabara, mkunga akauzunguka wote na kurudi nyumbani. Uani alizima gari, mikono yake ikabaki kwenye usukani.

"Tangu lini?" fundi aliuliza.

"Kilianza kufa ganzi kidole kimoja, wakati wa mvua. Kikavuta vingine."

"Daktari?"

"Nilikwenda. Anasema nguvu hazitarudi, na mkono wa pili utafuata."

"Kumbe ulijua ni wewe."

"Nilijua. Nilitaka liwe gari. Gari linatengenezeka."

Fundi alishuka. Alilitoa begi kwenye buti, akaliingiza ndani.

Binti yao aliishi kwenye shamba la kampuni, ambako simu ilikuwa mezani kwa msimamizi, kwa hiyo mambo ya nyumbani yalikwenda kwa barua. Mchana fundi alisafisha meza ya kukatia nguo, akachukua kalamu.

"Andika gari ni bovu," mkunga alisema. "Breki zimekataa."

Aliandika. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, naye hupenda kuandika, lakini sentensi hiyo ilimtoka kama anamsingizia mtu. Alipomaliza, alimsomea. Mkunga alisikiliza akiwa ameukumbatia mkono wake kifuani.

"Mkwe atakuja kunichukua kwa pikapu," alisema.

"Atakuja."

"Nitafika. Na mtoto atakuja. Nitampokea kwa mikono gani?"

Fundi alivua miwani.

"Sijui," alisema.

Nje mtu alibisha kuulizia suruali yake. Hakuna aliyeitika, akaenda zake.

"Ichane hiyo," mkunga alisema. "Gari halina kosa. Andika mkono. Halafu andika akajiandikishe zahanati siku atakayoipata barua, sio kesho yake, na asilielie huko, wakunga hawapendi. Mwambie nitakuja kwa basi. Nitakaa kichwani pake nimfute jasho." Alimsogezea mumewe kalamu. "Hilo naliweza."

Fundi alichukua karatasi nyingine, akaandika kama alivyoambiwa, bila kupamba. Mkunga alitaka kuifunga bahasha mwenyewe. Aliilamba gundi, akakunja, lakini kifuniko kilikuwa kinainuka kila alipokiachia. Fundi alingoja mpaka akasukumiwa bahasha. Akaipitishia kidole gumba kwa nguvu, kutoka pembe mpaka pembe, kama alazavyo mshono.

Kisha akavaa viatu, akalipita gari pale uani, akaenda kwa miguu mpaka kwenye sanduku la posta. Aliishika barua kwenye mdomo wa sanduku kwa muda. Nyuma yake alisimama mwanamke mwenye haraka, akakohoa. Fundi akaiachia.