Kipindi cha Mwalimu Hakijaisha

Msichana alipachika jeki chini ya mashine ya kupandia mahindi, akatandika turubai, akaanza kuzungusha gurudumu kwa mkono. Mbegu zikadondoka moja moja. Mwalimu wake alisimama nyuma, mikono mgongoni, akisikiliza.

"Mbegu hiyo imevunjika," akasema. "Legeza kisahani cha mbegu."

Mwalimu alikuwa amezikwa mwanzoni mwa mvua. Jumatatu iliyofuata alirudi chuoni, kwa sababu kipindi chake kilikuwa kwenye ratiba na hakuna aliyekifuta. Mlinzi wa getini alimdai kitambulisho, naye akakitoa, maana walimzika nacho mfukoni. Tusimlaumu mlinzi, kazi ni kazi. Tangu hapo wakawa wanasalimiana kama zamani.

Kasoro yake ilikuwa moja tu: hakuweza tena kushika spana. Vidole vilipita katikati ya chuma. Kwa hiyo yeye alisema, na msichana alikaza. Alipotaka boliti ya chini kabisa ikaguliwe, alimwambia, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," na msichana akalala sakafuni kwenye mafuta machafu. Wenzake wote wa uhandisi wa kilimo walikuwa wamehamia kozi za kukaa ofisini. Bwenini hakuwa na mtu wa kumwuliza hata kama amekula. Aliyezungumza naye kutwa nzima alikuwa marehemu, na alimpenda kama baba.

Mkuu wa idara naye aliridhika. Kufa kufaana. "Maadamu anakuja na hachelewi," alisema, "tuajiri mwingine wa nini?"

Siku moja mjane wa mwalimu alikuja, akaketi kwenye benchi nje ya karakana.

"Mwanangu," alimwambia msichana, "nyumbani hajafika hata mara moja. Nimemkosea nini?"

Msichana aliingia ndani akamwuliza. Mwalimu aliinamisha kichwa.

"Mwambie kipindi hakijaisha. Siwezi kuondoka kabla sijaona mtu wa kuipanga mashine hii bila mimi."

Mjane alipoletewa majibu hayo alicheka kidogo. "Hata akiwa hai aliniambia hivyo hivyo." Lakini kesho yake alirudi, na keshokutwa, akaketi palepale.

Msichana alijua la kufanya, na lilimuuma. Akifaulu, atabaki peke yake kabisa. Angeweza kukosea makusudi mpaka muhula uishe, na kwa juma zima alikosea. Kisha akamwona mjane dirishani, amejifunika gunia la mbolea mvua isimloweshe, akaona haya. Akapanga kisahani, akakaza mnyororo, akazungusha gurudumu. Mbegu zikaanguka nzima, kwa nafasi sawa.

Mwalimu alisikiliza mpaka ya mwisho. "Umeiva, fundi."

"Basi nenda nyumbani, mwalimu. Mama anakungoja." Alikuwa akilia, wala hakujificha.

Mwalimu alianza kufungua vifungo vya ovaroli aliyozikwa nayo. Alikuwa amebakiza kimoja mlango ulipofunguliwa. Mkuu wa idara aliingia na wanafunzi wapya, wengi, wakasukumana kupata pa kusimama.

"Huyu ndiye mwalimu wenu," akawaambia. "Huyu hana likizo."

Mwalimu aliwatazama. Mmoja alikuwa ameshaokota spana, ameishika kama mwiko. Mwalimu akavifunga vifungo vyake kimoja kimoja, akaenda kumwelekeza.

Msichana alitoka nje. Mjane alikuwa ameona yote kupitia dirisha. Akakunja gunia lake taratibu.

"Wewe umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Basi twende wewe."

Nyumbani meza ilikuwa imeandaliwa kwa watu wawili, na kiti cha mwalimu kimefutwa vumbi. Msichana alivuta kigoda kutoka jikoni, akaketi kando ya kiti hicho. Mjane akaenda kabatini kuchukua sahani ya tatu.