Hatua Tano Kila Upande

Nyiransabimana alikuwa na miaka hamsini na miwili alipoanza hesabu katika darasa la watu wazima pale Mpofi. Alikuwa mkulima wa maharagwe kutoka Burungu, na hakuwa mtu wa haraka.

Mwalimu wake, Séraphin, alichora mstari ubaoni, akaweka zero katikati, namba za kawaida kuume na za minus kushoto.

"Valeur absolue ni umbali wa namba kutoka zero," alisema. "Na umbali hauna minus. Tatu na minus tatu, zote valeur absolue yake iko tatu."

"Kama barabara," Nyiransabimana alisema. "Uende Itebero ao uende Masisi, miguu inachoka tu."

"Njo vile, Mama."

Ijumaa Séraphin alitoa jaribio. Swali la mwisho lilisema: valeur absolue ya namba fulani ni tano, taja namba hiyo. Watu kumi na mmoja waliandika tano. Nyiransabimana aliandika tano na minus tano. Séraphin akamtia msalaba mwekundu, kwa kuwa karatasi ya majibu ya mwalimu ilisema tano tu.

Mama aliutazama ule msalaba, kisha akasimama.

"Mwalimu, tutoke inje kidogo."

Darasa zima likawafuata. Mama alisimama mlangoni.

"Hapa iko zero. Niko mbali na mulango hatua tano. Niko wapi?"

"Pale kwa bendera," Séraphin alijibu.

Nyiransabimana alitembea hatua tano hadi kwenye bendera, akarudi mlangoni, akatembea hatua tano upande wa pili, kwenye choo. Akasimama.

"Na hapa?"

Séraphin alitazama bendera, akatazama choo.

"Mama, mimi njo nilikosa," alisema mbele ya wote.

Akasahihisha upya karatasi zote. Muhindo, mwenye duka kutoka Butembo aliyeandika tano peke yake, alishuka kutoka ishirini hadi kumi na nane.

"Hiyo sheria imetoka Kinshasa?" aliuliza.

"Hapana, Papa," Séraphin alijibu. "Imetoka pale mulangoni."

Muhindo alitoka, akahesabu hatua tano kwenda kwa bendera na tano kwenda chooni, akarudi kukaa.

Nyiransabimana alipata ishirini. Alikunja karatasi yake mara mbili, akauliza kama Jumatatu wataanza hesabu za sehemu, maana alisikia hizo ni ngumu zaidi.