Gari Lisilokwama

Mimi ni fundi, na fundi hapendi kuambiwa habari za kazi yake na mtu mwingine. Kwa hiyo naisema mwenyewe. Masika haya, mwaka wa pili wa Jamhuri, niliitoa difu ya gari langu, kile chuma cha nyuma kinachogawia magurudumu nguvu, na kutia nyingine, ya kufunga, iliyotoka kiwandani hivyo. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Haivuji hata tone la oili, hailii, haipati moto. Na ndiyo iliyoniacha peke yangu kwa mara ya pili.

Mara ya kwanza ilikuwa miaka minne iliyopita, mke wangu Mwanatumu alipofariki. Hatukujaliwa mtoto. Nyumba yangu hapa Gazi ilinyamaza hata nikidondosha kijiko nashtuka. Watu wa Gazi si wabaya. Huniletea cherehani zao, baiskeli zao na taa zao za karabai, wakangoja, wakashukuru, wakaenda zao. Hakuna anayekuja bila kitu kilichovunjika. Nami si mtu wa barazani. Nikienda ulimi hunikauka, na watu wakishaniuliza habari za gari, maneno yamekwisha.

Gari lenyewe ni pikapu kuukuu niliyoachiwa na Mzungu wa mbao, ambaye nilimfanyia kazi karakanani miaka kumi na mmoja. Uhuru ulipokuja alifunga virago, akafunga na karakana. Mimi nikageuka mchukuzi. Kila Jumatatu na Alhamisi alfajiri napakia samaki wa Gazi, nawafunika kwa magunia yaliyolowa maji, nawapeleka Kikoneni, kisha narudi na muhogo na machungwa.

Kabla ya kufika Kikoneni kuna bonde. Kiangazi hulioni, unapita tu. Masika linageuka uji mweusi, na upande wa pili kuna mlima mfupi wenye utelezi. Difu yangu ya zamani ilikuwa na tabia ya difu zote za kawaida: gurudumu moja likiteleza, nguvu zote hukimbilia hukohuko. Hilo la kwenye tope linazunguka bure kama wazimu, na mwenzake aliye mahali pagumu anasimama kutazama. Basi nilikuwa nikikwama. Masika ya kwanza nilikwama kila safari, na ya pili vilevile.

Juu kidogo ya bonde kuna mji wa mzee Randu, nyumba nne na jiko la makuti. Mzee Randu ni Mduruma aliyehamia huku zamani, mtu wa mbuzi na mahindi. Akisikia tairi langu linalia, alikuwa akipiga ukelele mmoja tu, "Gari!", na watu wote wa mji wakashuka. Walikuwa wameweka rundo la makuti chini ya mkorosho kando ya barabara, kwa ajili ya magurudumu yangu. Yule mzee na wanawe wawili walisukuma. Dada yake, Kanze, hakusukuma. Kazi yake ilikuwa kutoa amri.

Kanze ni mjane wa umri wangu, mrefu, mwenye sauti inayofika Msambweni. "Hilo kuti halikai hivyo! Geuzeni! Fundi, punguza moto, unatupaka matope sisi!" Na gari likishatoka, alikuwa akiniletea maji kwa kata, akinimiminia miguuni mwenyewe, kwa sababu, alisema, mtu hafiki sokoni na miguu kama ya bata. Baada ya hapo nilikaa kwenye kigoda nje ya jiko lake, nikala muhogo wa kuchemsha, nikanywa chai. Nusu saa, mara saa nzima. Na hapo, jambo la ajabu, ulimi haukunikauka. Nilimweleza habari za Mwanatumu, habari za karakana, na jinsi injini inavyokohoa kabla haijafa. Naye alicheka, akanieleza za kwake.

Msidhani nilijua nilichokuwa nacho. Wakati ule nilikuwa nikilalamika. Kila nikikwama nilikuwa nikilaani gari, barabara na serikali mpya isiyotia kokoto.

Alhamisi moja mwanzoni mwa masika haya nilikwama mpaka jua likapanda, na samaki wakaanza kuharibika. Kanze alishuka bondeni na kata yake, akaziba pua.

"Fundi Boga," akasema, "leo samaki wako wanatoa salamu kabla yako."

"Ni hili gari, Bi Kanze."

"Unatengeneza vitu vya watu wote, na chako kinakuja kulala hapa kama ng'ombe mgonjwa. Kitafutie dawa. Ama utatuzeekea hapa kwetu."

Wote walicheka. Alikuwa akinitania, na mtoto mdogo angejua. Mimi nikalichukua kama agizo la kazi.

Nilijua dawa iko wapi. Nyuma ya karakana iliyofungwa, porini karibu na Msambweni, lilikuwa limelala gari pacha la langu, lile lililokuwa likivuta magogo. Mbele lilikuwa limebondeka, lakini nyuma lilikuwa na difu ya kufunga. Kando ya kiti kuna mkono mdogo wa chuma. Ukiuvuta, pete yenye meno ndani ya difu inayashika magurudumu mawili pamoja, na yote yanazunguka yakitaka yasitake. Ukiurudisha, kila moja linakwenda zake. Nilimwomba ruhusa Abdurahman, mzee anayelinda mahali pale.

"Chukua, fundi," akasema. "Lakini viti niachie. Kuku wangu wanatagia humo."

Kazi ilinichukua siku nne uani kwangu. Nilimwaga oili, nikachomoa shafti za magurudumu, nikafungua nati moja moja, nikakishusha kichwa cha difu ya zamani. Nilisafisha ganda kwa mafuta ya taa mpaka likang'aa. Gasketi nilikata mwenyewe kwa karatasi nene, nikiigonga kwa nyundo pembezoni mwa chuma mpaka ikapata umbo. Shafti moja ya difu mpya ina meno mengi kuliko ile ya zamani, kwa hiyo niliichukua nayo. Ufito unaounganisha ule mkono na difu ulikuwa umeliwa na kutu. Nikakunja nondo motoni nikatengeneza mwingine.

Kazi hiyo ni ya watu wawili. Kichwa cha difu kina uzito wa mbuzi, na mtu mmoja anakiinua huku mwingine anatia nati. Mimi nilijilaza chini ya gari nikakilaza kifuani, nikakipandisha kwa magoti na viwiko. Mara mbili nilitoa mkono nje ya gari nikasema, "Nipe spana ya nusu," na mkono ukabaki hewani. Nikatoka, nikaichukua, nikarudi chini. Mara ya tatu sikusema kitu. Lakini sikuwa na huzuni, maana muda wote niliokuwa chini ya lile gari, oili ikinidondokea masikioni, nilikuwa nikimwona Kanze akishika kiuno na kusema, "Ehe! Kumbe fundi kweli!"

Jumatatu sikusafiri, na Alhamisi mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilifika bondeni, nikavuta chuma cha kando ya kiti, nikasikia kimeuma. Gari likaingia kwenye uji ule polepole kama mtu anayejua anakokwenda, likatambaa, likatoka. Juu wakasikia injini. "Gari!" Wakaja mbio na makuti begani, Kanze nyuma yao na kata ya maji. Nikapiga honi. Nikatoa kichwa dirishani nikapaza sauti, "Dawa imepatikana!"

Kusimama sikuweza. Kwenye mlima ule ukisimama unarudi nyuma mpaka bondeni. Nilipofika juu niliwatazama kwenye kioo. Wanaume walikuwa wameshusha makuti, wananitazama. Kanze alikuwa akimwaga yale maji chini, taratibu, mpaka kata ikawa tupu.

Nikasema nitasimama wakati wa kurudi. Sokoni Kikoneni kila aliyeniuliza habari za gari nilimweleza kile chuma na siku zangu nne chini yake. Nikarudi. Nikaukaribia mji, nikatia mguu juu ya breki, nikajitazama. Miguu ilikuwa safi. Samaki nilikuwa nimewauza. Gari lilikuwa zima. Na kwetu pwani mwanamume hasimamishi gari mbele ya nyumba ya mjane hivi hivi. Ataulizwa ana haja gani, na hata asipoulizwa, watu watajijibu wenyewe, na jina litakalochafuka si lake. Mtu aliyekwama hana maswali ya kujibu. Hata angekaa mpaka adhuhuri, amekwama. Nilitafuta haja yangu nikaiona ni moja tu, na hiyo haisemeki barabarani. Nikauondoa mguu kwenye breki. Mzee Randu aliniinulia mkono, nami nikainua wangu.

Wiki iliyofuata nilimtenga kolekole mmoja mnono katika samaki wangu, nikamfunga kwa majani ya mgomba. Niwape, niseme ni shukrani ya kusukumwa masika mawili. Kilikuwa kisingizio kizuri, mtu mwenye akili angekishika kwa mikono miwili. Nilimpitisha mbele ya mji nikienda, nikampitisha nikirudi, nikamla mwenyewe Gazi, nimekaa mlangoni. Wiki ya baadaye nikafanya vilevile na mwingine. Sijui niseme nini juu ya mtu wa namna hiyo, nikiwa ni mimi.

Kila nilipopita, mambo yalipungua. Kwanza walitoka mpaka barabarani. Halafu wakawa wanasimama milangoni. Halafu ukawa mkono wa mzee Randu peke yake. Na lile rundo la makuti chini ya mkorosho likapungua nalo, mpaka siku moja nikaona ardhi tupu.

Alhamisi iliyopita niliamua. Nilifika bondeni kama saa mbili asubuhi, na tope lilikuwa limeiva. Mkono wangu ulikwenda kwenye chuma kwa mazoea, nikaurudisha kwenye usukani. Nikaingia hivyo hivyo. Katikati gurudumu la kushoto likaanza kuzunguka bure, gari likakaa kitako. Nilifurahi, nisiwadanganye. Nikakanyaga mafuta ili tairi lilie, walisikie huko juu.

Hapakuwa na ukelele. Nikangoja, nikakanyaga tena. Mvua ya rasharasha ikaja ikapita. Nikazima injini, na kimya kile nilikijua, ni kimya cha nyumbani kwangu. Nilikaa humo hata sijui muda gani, ndipo nikamwona mzee Randu akishuka peke yake, mikono mitupu, akishikilia vichaka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Kumbe ni wewe? Niliposikia nilidhani ni gari jingine. Lako si halikwami siku hizi? Chuma kimekufa?"

"Kimesumbua kidogo," nikasema. Mungu anisamehe.

"Na vijana wako shambani. Makuti nayo ndiyo hivyo tena, tumezungushia jiko. Tulijua huna haja nayo."

Nikamuuliza habari za watu wa mjini kwake, mmoja mmoja, kwa adabu, nikizunguka mbali. Mwisho nikasema, "Na Bi Kanze, hajambo?"

"Kanze hayupo. Yuko Kinango kwa binti yake, tangu Jumamosi. Binti amejifungua. Angeweza kungoja masika yaishe, nilimwambia. Akasema hapa hakuna cha kungojea."

"Atarudi lini?"

"Hakusema kurudi." Mzee akajifuta jasho usoni, akanitazama kwa huruma, kwa sababu nadhani uso wangu ulikuwa umekwisha mwambia yote. "Wewe mwenyewe unayajua maneno yake. Alisema, 'Kaka, yule mtu amelala chini ya gari siku nne ili asisimame tena kwetu. Aseme nini zaidi ya hapo?'"

Nilitaka kumwambia. Nilitaka kusema, mzee, nililala chini ya gari siku nne kwa ajili yake, kila nati niliyokaza nilimkazia yeye. Lakini wapi! Ulimi ulikuwa umekauka kama barazani.

"Haya," mzee akasema, "washa moto. Nitasukuma."

"Usijisumbue, mzee wangu. Wewe peke yako?"

"Washa!"

Akazunguka nyuma, akaweka mabega yake membamba kwenye bodi. Ningefanyaje? Nikawasha. Nikamsikia akihesabu, moja, mbili, na alipofika tatu nikavuta chuma polepole kisilie. Gari likanyanyuka, likatoka. Safari hii nilikwenda mpaka juu kabisa, nikasimamisha palipo na mchanga, nikarudi kwa miguu kumfuata. Alikuwa amesimama katikati ya tope, kifua kinapanda na kushuka, anacheka.

"Umeona? Peke yangu! Nguvu bado ninazo!"

"Unazo, mzee," nikasema. "Unazo kabisa."

Akanikaribisha ninawe miguu. Nilinawa mwenyewe. Kata ilikuwa imetundikwa kwenye nguzo ya jiko. Ukuta wa jiko ulikuwa wa makuti yale, na mengine bado yalikuwa na alama za tairi langu, zimekauka juu yake. Nilitafuna muhogo wa mzee, nikamsikiliza akinieleza mara tatu jinsi alivyolitoa gari.

Sasa ni Jumapili. Gari limesimama uani, zima, limejaa mafuta. Nimeuliza njia ya Kinango kwa kila dereva ninayemjua, nao wote wanasema maneno yaleyale: nchi kavu ile, mawe na vumbi, mvua huko hawaijui, hata gari bovu linapita mwaka mzima bila kusumbuka. Nimeipitia barabara hiyo kichwani mara nyingi, toka mwanzo hadi mlangoni kwa binti yake, na sijaona mahali pa kukwama.