Jiko Lililopimwa kwa Viatu Virefu

Mwalimu alifundisha hesabu miaka thelathini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakuna mgeni aliyewahi kumkuta na ndala. Wanafunzi walimpachika jina la Kisigino, kwa sababu mlio wa viatu vyake ulifika darasani kabla yake, na aliyekuwa akinakili kazi ya jirani alipata muda wa kutosha kujifanya mtakatifu. Mwalimu alilijua jina hilo, na alilipenda, ingawa hakuwahi kumwambia mtu.

Kwa hiyo siku fundi seremala alipokuja kumpima kwa ajili ya jiko jipya, mwalimu alivaa gauni la bluu na viatu vyeusi vyenye kisigino cha vidole vinne. Fundi alimsimamisha katikati ya jiko lililokwisha kubomolewa, akamwomba akunje mkono kama anayekata kitunguu, kisha akapima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Mwalimu alisimama wima, kifua mbele, kana kwamba anapigwa picha ya pasipoti. Haikumpitia akilini hata kidogo kwamba hakuna binadamu anayekata vitunguu amevaa namna ile.

Habari ya jiko ilianza na kigoda. Mwaka uliotangulia, mwalimu alipanda kigoda kufuata sufuria juu ya kabati. Kigoda kikaenda upande wake, naye upande wake, akavunjika nyonga. Tangu hapo alitembea na mkongojo. Binti yake, kifungua mimba, ni muuguzi, na wauguzi wakishasema wamesema: mama ahamie kwake, chumba kipo, na mtu wa kumpikia yupo. Binti huyo alimpenda mama yake kama mboni ya jicho, na hapo ndipo penye shida, kwa maana huwezi kugombana na mtu anayekupenda hivyo ukashinda. Lakini mwalimu alijua kwamba kwenye nyumba ya watu, hata ya mwanao, unaomba ruhusa ya kuchemsha maji.

Aliyemwokoa ni mwanawe wa kiume, kitinda mimba. "Dada, kabla hujamhamisha mama, tulihamishe jiko limfuate mama," alisema. Wakakubaliana. Jiko litajengwa upya kwa kipimo chake. Baada ya mwezi mmoja mwalimu atapika chakula cha mchana mbele yao, mwanzo hadi mwisho, bila mkono wa mtu. Akiweza, anabaki nyumbani kwake. Akishindwa, anafungasha.

Fundi hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alijua kuuliza. Mkono upi unashika kisu? Ukichoka unaegemea wapi? Kitu gani unakitafuta sana? "Miwani," alijibu mwalimu, akaketi kuitafuta, na fundi akamwonyesha kwa kidole kwamba iko kichwani. Kazi ilipokwisha, kabati za juu hazikuwapo tena. Kila sufuria ilikaa kwenye droo inayovutika kwa kidole kimoja. Pembe zote zilikuwa za mviringo. Ukingoni mwa meza ya kukatia palikuwa na mfereji mwembamba ili kitunguu kisibingirike, na papo hapo mtu angeweza kujishika akipepesuka. Palikuwa na kishikizo cha kutundikia mkongojo, na kijisanduku kidogo kando ya dirisha, ndani kimewekwa kitambaa laini, kwa ajili ya miwani.

Mwalimu alikipapasa kijisanduku kile kwa kidole. Maisha yake yote alikuwa amejikunja ili aenee mahali: madarasa ya kubanana, nyumba za kupanga, vitanda vya hospitali. Leo mahali pamejikunja ili pamwenee yeye. Aliushika mkono wa fundi akawa hauachii.

"Mwalimu, sijamaliza," fundi alisema, akicheka kwa haya. "Mimi sifungi jiko la mtu mpaka alipikie wiki nzima. Ukishapika, nipigie simu, uniambie ukweli. Nikija ndipo nakaza kila kitu moja kwa moja."

Kesho yake asubuhi mwalimu aliingia jikoni na ndala, roho nyeupe, akaweka kitunguu mezani. Meza ilimfika karibu na kifua. Mabega yakampanda hadi masikioni, kisu kikawa kinaelea juu kama anakatia chakula juu ya kabati la nguo. Alifikiri kidogo, akatazama miguu yake, akakaa chini. Vidole vinne! Mwalimu wa hesabu miaka thelathini na miwili, na amesahau kutoa. Angekuwa mwanafunzi, angemrudishia daftari akalirudie zoezi zima.

Angeweza kupiga simu siku ileile. Lakini angeanzia wapi, baada ya kumshikilia mtu wa watu mkono na kumshukuru vile? Na habari ikimfikia muuguzi kwamba hata jiko la kipimo limemshinda mama, si ndiyo tiketi ya kuhama? Basi mwalimu akaamua kufa na tai shingoni. Akavaa viatu virefu, akapika. Kila siku. Fundi alipopiga simu wiki ya kwanza, akajibiwa: "Liko safi, baba, usijisumbue." Wiki ya pili hivyo hivyo. Wiki ya tatu fundi akasema, "Haya, mwalimu. Ukiniita nitakuja."

Siku ya mtihani muuguzi alifika na sanduku kubwa, tupu, akaliegemeza ukutani ukumbini.

"Ni tahadhari tu, mama."

"Karibu, mwanangu," alisema mwalimu. "Wewe na sanduku lako."

Akaanza kazi. Wali, maharage, mchuzi wa nyama, mboga za majani. Alijikaza kisabuni. Alipofika kwenye mboga, vidole vya miguu alikuwa havisikii tena, na nyonga ilikuwa inamwaka moto. Kitinda mimba alikaa kwenye kiti akimpigia makofi kila sufuria ilipofunikwa. Muuguzi hakupiga makofi. Alikuwa anatazama chini.

"Mama, viatu hivyo? Jikoni?"

"Nina mgeni. Sipokei mgeni na ndala."

"Mimi mwanao!"

"Mwanangu huja na mkoba. Aliyekuja na sanduku ni mgeni."

Kitinda mimba alikuwa bado anacheka mlango ulipobishwa. Alikuwa fundi, kitinda mimba mwenyewe ndiye aliyemwalika, aje ale chakula cha kwanza cha jiko lake. Fundi alivua viatu mlangoni, akaja akasimama kwenye kizingiti cha jiko. Hakutazama mbao zake. Alitazama miguu ya mwalimu, kisha uso wake, na mwalimu akajua ameshikwa. Akageuka haraka kujifanya ana shughuli na sufuria ya wali. Palikuwa na tone la maji sakafuni. Kisigino kikateleza.

Hakuanguka. Vidole vyake viliingia kwenye ule mfereji wa ukingoni vikang'ang'ania, na binti yake akawa tayari amemdaka kiunoni.

"Vua, mama," alisema muuguzi.

Mwalimu aliketi akavua. Miguu ilikuwa imevimba, na alama za viatu zimechoreka kila mahali. Akasimama pekupeku kando ya meza, na kila mtu akaona vidole vinne vilivyopungua.

"Jiko halina kosa," alisema. "Kosa ni langu. Nilipimwa nimevaa hivi viatu, na mwezi mzima nimekaa kimya. Nilijua nikisema tu, mtanihamisha. Na nililipenda hili jiko hadi nikaogopa kulisema vibaya."

Muuguzi alijifuta macho kwa kiganja, kwa hasira. Akageuza kichwa kulitazama sanduku.

Fundi alitoa bisbisi mfukoni, akapiga magoti, akafungua ubao mwembamba uliokuwa chini kabisa ya makabati. "Dada, njoo uone," alimwita muuguzi. Nyuma ya ubao, makabati yote yalikuwa yamekalia visanduku vifupi vya mbao, vya urefu mmoja, kila kimoja kimeshikwa na skrubu mbili tu. Kwenye kile cha kwanza palikuwa na maandishi ya penseli: *Kisigino cha mwalimu. Ondoa baada ya wiki.*

Mwalimu alisoma mara mbili, mara ya pili akiwa na miwani.

"Ulijua?"

"Siku ile ulipoketi kutafuta miwani iliyokuwa kichwani, nikapitisha futi kwenye kiatu."

"Mbona hukuniambia?"

Fundi alikuna kisogo. "Mwalimu, watu hunipokea kama nimekuja kufukuza panya. Wewe ulinivalia gauni na viatu vya sherehe. Ningekwambiaje uvue? Tena nani ajuaye, labda ndivyo unavyopika. Kupunguza ni kazi ya nusu saa, kuongeza ningebomoa. Nikasema acha nilivalishe jiko nalo kisigino, halafu siku moja mtavua wote wawili. Sikujua utanizungusha mwezi mzima!"

Aliyeanza kucheka alikuwa muuguzi. Alicheka huku machozi yanamtoka, akajishika mbavu.

Walizima moto. Kitinda mimba na fundi waliinua makabati kwa mabao mawili, upande mmoja kisha wa pili, wakachomoa visanduku kimoja kimoja. Mipira ya maji ya sinki ilikuwa imeachwa mirefu tangu mwanzo. Mkongojo, ambao mwezi mzima ulikuwa ukining'inia hewani kwenye kishikizo chake, uligusa sakafu.

Mwalimu akasimama pekupeku, akaweka nyanya mezani. Kiwiko kilikuta mahali pake. Mabega yalishuka yenyewe. Alikata nyanya ile polepole kuliko ilivyohitajika, kisha akakata nyingine ambayo hakuna aliyeihitaji. "Asante, fundi," alisema. "Safari hii nashukuru bila kudanganya."

Wakala wakashiba. Baadaye muuguzi aliinama kuosha vyombo, akaguna. "Jamani, mgongo wangu! Sinki liko chini hivi?"

"Halikupimwa kwako," alisema mama yake.

Jioni ilipokaribia, mwalimu alilifungua sanduku mwenyewe. Akapanga ndani yake bakuli la wali, la maharage, na la mchuzi lililofungwa kwa vitambaa viwili. Muuguzi alitazama bila kupinga neno, kisha akamkumbatia, na wakakaa hivyo kitambo.

Kutoka dirishani mwalimu alimwona bintiye akifika getini, amelibeba sanduku kwa mikono yote miwili, taratibu, limelala, ili mchuzi usimwagike. Alimpungia mpaka akapotea. Kisha akatia miwani kwenye kijisanduku chake, na kwa miguu yake mitupu akarudi mezani kumalizia kufuta.